Tafakari ya Asubuhi Si Muhtasari wa Jana

Dodoma haiishi mikutano shirikishi ya siku tatu hadi tano: ya mipango ya kijiji kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo (wanakijiji wenyewe huainisha fursa na vikwazo vyao vya maendeleo), ya wakulima wa alizeti, ya watumia maji. Ratiba huwa na kipindi cha tafakari. Kinachokiua ni dhana hizi potofu.

Dhana: Tafakari ni mtu mmoja kusoma yaliyofanyika jana.

Huo ni mrejesho, na dakika tano zinautosha. Tafakari ina maswali matatu, kwa mpangilio huu: Jana tuliona na kusikia nini? Kwetu sisi kina maana gani? Leo tubadilishe nini? La kwanza lisirukwe. Wasiokumbushana walichokiona hukimbilia maoni, na hapo mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Kwa watu 30 tenga dakika 45: 3 za kuwaza kimya, 7 za wawili wawili, 15 za vikundi vitano vya watu sita, 15 za wote pamoja (kila kikundi dakika 3), na 5 za kuamua. Muda ukibana, wawezeshaji hukata zile 5 za mwisho. Punguza dakika za vikundi, za uamuzi zibaki.

Dhana: Wakinyamaza, wameelewa.

Diwani au mtendaji wa kijiji akiwa kwenye duara, mjumbe wa kawaida humsubiri yeye aseme kwanza. Siku ya kwanza viongozi wakae kikundi chao, wanawake chao, vijana chao. Siku ya pili changanya. Kule Chamwino na Bahi acha vikundi vijadili kwa Kigogo, Kondoa kwa Kirangi, kisha mrejesho uje kwa Kiswahili. Na ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mwezeshaji anayejijibu mwenyewe huwazoesha watu kumngoja.

Dhana: Wakati mzuri ni jioni.

Saa 11 jioni watu wamechoka na wanawahi usafiri. Chukua dakika 5 tu: kila mmoja aseme au aandike jambo moja lililomkaa na moja lililomtatiza. Asiyeandika aandikiwe. Wawezeshaji wabaki nusu saa kuyapanga yanayofanana, nayo ndiyo yafungue tafakari ya asubuhi.

Dhana: Mabango kitita (karatasi kubwa za kuandikia mbele ya watu) yakijaa, tafakari imefaulu.

Tazama ratiba ya leo. Kama haijaguswa popote, siku ya tatu utasikia "yote yalikuwa mazuri tu", na utakuwa umewafundisha wewe kujibu hivyo. Kila asubuhi taja mawili yaliyobadilishwa kwa maoni ya jana, na moja lililoshindikana pamoja na sababu yake.

Posho, chakula na maji ya kunywa vitajitokeza. Usiviite nje ya mada: mtaje atakayejibu na saa atakayojibu, maana mwenye wasiwasi na nauli ya kurudi hasikii mengine.

Mkikaa chini ya mti kati ya Juni na Agosti, upepo utang'oa kila kilichobandikwa kwa gundi. Tandika mkeka katikati, panga kadi juu yake na kuzibana kwa mawe, herufi kubwa, wazo moja kila kadi. Watu wakiuzunguka, hata mzee asiyependa kusimama mbele hunyoosha fimbo yake na kuonyesha kadi anayoisemea.