Je, wajua nani humkinga mfanyabiashara anayetumia programu huria?

Muuza spea wa Ngamiani, Tanga, anaweza kuendesha duka zima kwa programu asizozilipia hata senti: Linux kwenye kompyuta, LibreOffice kwa ankara, WordPress kwa tovuti. Msimbo wa programu hizi, yaani maandishi ya maelekezo yanayoziunda, uko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili na kuubadili. Sasa akitokea mtu akadai kwamba kipande cha msimbo huo kilichukuliwa kwake bila idhini, nani atasimama na mwenye duka?

Leseni yenyewe haimsaidii. GPL, leseni maarufu ya programu huria, ambayo toleo lake la pili la 1991 ndilo linalotumika kwenye kiini cha Linux, inatamka wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana. Naona ni haki: aliyekugawia jasho lake bure hapaswi kulipia na wakili wako.

Hofu hiyo ilipata sura Machi 2003, kampuni ya SCO Group ya Marekani ilipoishtaki IBM ikidai msimbo wa Unix, mfumo wa kompyuta uliotangulia Linux na ambao SCO iliuita wake, umepenyezwa ndani ya Linux. Mwezi Mei ikaziandikia barua kampuni zipatazo 1,500 kuzionya kwamba hata mtumiaji anaweza kuwajibika. Mwaka 2004 ikamfikisha mahakamani mtumiaji kweli: AutoZone, wauza vipuri vya magari. Hawakuwa watengenezaji wa programu, walikuwa watu wa spea kama huyu wetu wa Ngamiani.

Kinga zilizozaliwa hapo ni za mkataba. Septemba 2003 HP, kampuni ya kompyuta, iliahidi kubeba madai ya SCO kwa niaba ya wateja wake, ilimradi wanatumia mashine za HP, wana mkataba wa huduma, na hawajaugusa msimbo. Sharti hilo la mwisho linauma, maana uhuru wa kubadili msimbo ndio uliowavuta wengi. Mwaka 2005 IBM, Novell, Philips, Red Hat na Sony wakaanzisha Open Invention Network, ambako wanachama huahidiana kutoshtakiana kwa hataza (haki za uvumbuzi) zinazohusu Linux. Hata kampuni ya Tanga inaweza kujiunga. SCO yenyewe iligonga mwamba: mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba hakimiliki za Unix zilikuwa za Novell.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Programu huria nayo ina mwenyewe, na ruhusa yake inadumu mradi masharti yafuatwe. Kwa anayeitumia dukani kwake tu, GPL haidai mengi. Mzigo unamwangukia kijana anayeibadili programu ya GPL kisha akaiuza kwa hoteli za Raskazone: lazima wanunuzi wapate na msimbo wake. Mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen na Katzer iliyohusu programu ya treni za kuchezea, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kwamba kukiuka masharti ya leseni huria kunaweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki.

Kwa hiyo mwenye duka anayefungiwa mfumo na fundi adai mambo mawili kwa maandishi: orodha ya programu zilizomo pamoja na leseni zake, na kifungu kinachotaja nani atalipa iwapo msimbo alioandika fundi mwenyewe utadaiwa na mtu mwingine.