Sifuri ya Angani: Jinsi Setilaiti Zinavyopima Chembe Zenye Nishati Kubwa

Kila tunapozuru shule za Kisumu na Maseno, hatukosi swali hili: kama protoni, chembe ndogo ya kiini cha atomi, haionekani hata kwa hadubini, setilaiti inajuaje kwamba imepita?

Hujua kwa nishati ambayo chembe hiyo huipoteza njiani. Vipimaji vingi vya leo vina visahani vya silikoni vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, cha mbele chembamba, cha nyuma kinene. Protoni ikipenya humo hung'oa elektroni kwenye atomi, na kila elektroni moja huigharimu elektronivolti (kizio kidogo sana cha nishati) 3.6 hivi. Ikiacha elektronivolti milioni 1, elektroni zaidi ya 270,000 huwa huru. Volti iliyowekwa kwenye kisahani huzizoa zote, na ukubwa wa mpigo wa umeme unaotoka huonyesha nishati iliyoachwa. Kisha visahani hivyo hulinganishwa. Kiini cha heli huacha nishati nyingi zaidi kwenye kile chembamba kuliko protoni yenye nishati sawa nacho, na hapo ndipo hutambulikana.

Kwa maoni yangu, kazi ngumu ni kuhesabu. Januari 31, 1958, Marekani ilirusha setilaiti ya Explorer 1 ikiwa na mrija wa Geiger, kifaa cha kuhesabu chembe za mionzi, wa kikundi cha mwanafizikia James Van Allen, Chuo Kikuu cha Iowa. Mirija ya namna hiyo wanafunzi wetu wa kidato cha nne huichora kwenye fizikia. Chini karibu na dunia, mrija ulihesabu vizuri. Juu zaidi, wakati mwingine ulisoma sifuri.

Mrija wa Geiger ukishatoa mpigo, huhitaji kitambo kidogo kabla ya kutoa mwingine. Ni kama karani anayehesabu mashabiki langoni pa uwanja wa Mamboleo siku Gor Mahia inacheza: umati ukimsukuma kwa pamoja, daftari lake hubaki tupu. Explorer 3, iliyorushwa Machi mwaka huo huo, ilikuwa na kinasa cha utepe cha kuhifadhi vipimo vya mzunguko mzima, na sifuri zikajitokeza tena, safari hii zikitanguliwa na kufuatwa na hesabu kubwa ajabu. Carl McIlwain, wa kikundi cha Van Allen, akaupiga mrija wa aina hiyo kwa eksirei kali maabarani. Ukanyamaza. Kumbe huko juu chembe zilikuwa nyingi kupita kiasi! Leo maeneo hayo yenye chembe nyingi tunayaita mikanda ya Van Allen.

Tangu hapo wasanifu hufinya tundu la kuingilia, na mara nyingi huzungushia kipimaji kigunduzi kingine ili chembe iliyopenya ubavuni isihesabiwe.

Wengi hawajui kwamba Kenya imo katika historia hii. Novemba 15, 1971, Explorer 45 ilirushwa kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilitumwa kupima chembe za mkondo wa umeme unaoizunguka dunia juu ya ikweta, na ukirusha karibu na ikweta unaifikia njia hiyo bila kupoteza mafuta kugeuza roketi. Wakati wa dhoruba za jua mkondo huo huongezeka na kudhoofisha uga wa sumaku hapa chini. Katika dhoruba ya Mei 2024, uga kwenye maeneo ya latitudo za chini ulishuka kwa takriban nanotesla 400 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya uga wa sumaku). Uga wa kawaida wa Maseno, penye kibao cha ikweta kando ya barabara, ni kama nanotesla 33,000.