Usiipige msasa mbuzi ya bibi

Mimi ni seremala wa vitu vidogo: mbuzi za nazi, marufaa, vigoda, visanduku. Hapa Unguja mbuzi mpya siku hizi nachonga chache. Nazi inakunwa kwa mashine sokoni, na tui la kopo limejaa madukani. Lakini za zamani bado zinaletwa. Mzee akifariki, vitu vinatolewa uvunguni, mjukuu anakuja nayo kwapani: "Fundi, nifanyie iwe kama mpya."

Zamani nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Niliwahi kuletewa mbuzi ya mti wa mfenesi, nikaipiga msasa pande zote, nikaipaka vanishi, ikang'aa. Mama mwenye nayo akaipindua, akanyamaza. Chini ya ubao palikuwa na mikato ya kisu, mingi, ambayo mimi nilidhani ni mchezo wa watoto. Kumbe bibi yake alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, na kila mkato ni deni la nazi kwa mwenye shamba. Daftari la mtu asiyejua kuandika, nami nimelifuta kwa dakika kumi. Pesa sikuichukua.

Sasa kwanza naitazama. Wanawake wengi wa huku hukaa upande wanapokuna, kwa hiyo ubao hulika na kulainika upande mmoja kuliko mwengine. Ulimi uliopitishwa tupa miaka mingi huwa mfupi, meno yamebaki vipele. Na kama tundu la ulimi limezibwa kwa kitambaa ili chuma kisicheze, usikichomoe kabla hujauliza. Mara nyingi ni kipande cha kanga, na nyumbani hakosi mtu wa kuijua ilikuwa ya nani.

Kuuliza nako kuna namna yake. Mwambie bibi "nisimulie maisha yako", atakujibu "maisha gani, mwanangu?", na hapo ndiyo mwisho. Mpe mbuzi, mpe na kizio cha nazi. Simu iweke pembeni irekodi, usimwelekezee usoni. Akishasikia ule mkwaruzo ataanza mwenyewe: nani alikuwa akikamua kifumbu, chicha walipewa kuku wa nani, siku gani tui liliungua na nani alichapwa.

Wiki iliyopita kijana alimleta bibi yake hapa karakana, na mbuzi yao iliyopasuka mguu. Mguu nilishaupanga kuuunga kwa gundi na kigingi. Ulimi nilitaka kuubadilisha, maana ulikuwa mnene, mzito, umepindwa vibaya. Bibi akaushika.

"Huu ni wa springi ya lori," akasema. "Babu yenu alikuwa utingo. Mhunzi alimfulia siku moja kabla hajaja kunichumbia."

Mjukuu alikuwa hajawahi kusikia kwamba babu yake alipanda lori. Mguu nimeuunga. Ulimi uko pale pale, umepinda vile vile.