Homa ya Mtoto Mwenye Selimundu Haingoji Kukuche

Nahudumu kliniki ya watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi mnauita sikoseli. Maswali haya naulizwa kila wiki, mengine koridoni, mengine kwa WhatsApp saa sita usiku. Naanza na mepesi.

Selimundu ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Molekuli moja ya himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una amino asidi 146 zilizotungwa kama shanga. Kwa mwenye selimundu, shanga ya sita siyo: palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba kasoro iko kwenye himoglobini yenyewe, na mwaka 1957 Vernon Ingram akaitaja shanga iliyobadilika.

Shanga moja tu ndiyo inaleta mateso yote haya?

Ndiyo. Himoglobini hiyo ikishatua oksijeni yake, molekuli zinanatana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu, ngumu, zinazoipinda chembe mpaka inafanana na mundu. Chembe isiyo na kasoro ni laini, hujikunja ikapenya kwenye mshipa mwembamba. Hii ya mundu hukwama, na sehemu iliyo mbele yake ikakosa oksijeni. Hapo ndipo mtoto analia usiku kucha akishika mguu. Tena chembe ya kawaida huishi siku kama 120, hii huishi 10 hadi 20, ndiyo maana damu haitoshi na macho yana unjano. Unjano huo si nyongo. Msimtapishe mtoto.

Mwanangu alivimba viganja na nyayo akiwa na miezi minane. Bibi yake akasema amekanyaga kitu.

Mtoto wa miezi minane hata kutembea hajaanza, angekanyaga nini? Shikamoo yake bibi, lakini kuvimba huko mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya selimundu. Haikuonekana mapema kwa sababu mtoto huzaliwa na himoglobini aliyoitumia tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta, kwa hiyo kasoro haipo. Hiyo humlinda miezi ya mwanzo, kisha hupungua. Mpelekeni akapimwe damu. Chale kwenye vidole vilivyovimba ninaziona mpaka leo, na kila ukiingiza wembe unawafungulia wadudu mlango kwa mtoto asiye na mlinzi.

Mlinzi gani?

Bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto. Kazi yake mojawapo ni kuchuja bakteria kwenye damu. Chembe za mundu huiziba na kuiharibu mapema sana, mara nyingi kabla mtoto hajafika shule ya awali. Shikeni hilo, maana maswali manne yanayofuata yote yanarudi hapo.

Homa imeanza saa mbili usiku. Naweza kungoja asubuhi?

Hapana. Bakteria wanaodhibitiwa na bandama ya mtoto mwingine wanaweza kumuua huyu kwa saa chache. Joto likifika 38, unatoka nyumbani. Kama huna kipimajoto, mkono wa mama unatosha.

Nimempa parasetamoli, homa imeshuka na anacheza. Bado niende?

Nenda. Parasetamoli imeshusha joto, haijaua bakteria hata mmoja. Anahitaji antibayotiki, na siyo zile vidonge vinne ulivyouziwa kwenye kikaratasi.

Duka la dawa wamempima, wakasema ni malaria tu.

Nenda vilevile. Malaria na bakteria huweza kumwingia mtoto mmoja siku moja, na kile kipimo cha tone la damu kidoleni hakiwaoni bakteria.

Baba yake kasafiri, namsubiri aseme.

Mpigie ukiwa njiani.

Najua nawasemesha kwa ukali. Mama mmoja alikuja siku ya tatu, mtoto kamfunga kwa kanga mgongoni. Kwenye mfuko wake mlikuwa na chupa ya parasetamoli iliyobaki nusu, dawa mseto ya malaria, na chupa ya maji iliyojaa mizizi ya rangi ya chai. Hakuwa mzembe yule mama; alihangaika siku tatu bila kulala, ila alihangaika kusiko. Akaniambia kwa furaha, "Dada, homa ilishatoka tangu alfajiri." Nikamshika mtoto, mikono baridi, midomo myeupe. Homa ilitoka kwa sababu mwili ulikuwa umeshindwa.

Nasikia wenye sikoseli hawapati malaria.

Hili nalo linaua. Anayekingwa dhidi ya malaria kali ni yule aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu, tunayemwandika AS. Anthony Allison aliligundua hilo hapahapa Afrika Mashariki na kulichapisha mwaka 1954. Mgonjwa mwenyewe, SS, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, malaria humpiga vibaya kwa sababu damu yake ilishakuwa chache. Chandarua kila usiku, na dawa ya kinga kama ulivyoandikiwa.

Penisilini ya kila siku ya nini wakati haumwi?

Ndiyo mlinzi wa kukodi badala ya bandama. Mara mbili kwa siku, angalau mpaka atimize miaka mitano. Hata siku anazocheza vizuri.

Haidroksiyurea si dawa ya kansa?

Hutumika huko pia. Kwa mtoto wako kazi yake ni kuirudisha ile himoglobini ya tumboni, ambayo huzuia zile nyuzi kujipanga. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliomeza dawa hii walipungukiwa maumivu, kuongezewa damu, vifo, na hata malaria. Inataka kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo usiazime dozi ya mtoto wa jirani.

Na ile tiba ya vinasaba inayosemwa mitandaoni?

Ni kweli ipo. Madaktari huchukua seli mama, zile zinazozaa chembe za damu, kutoka kwenye uloto (ute wa ndani ya mifupa) wa mgonjwa, wakazima swichi ya jeni iitwayo BCL11A, ile inayoamuru himoglobini ya tumboni ikome, kisha wakamrudishia. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Kule Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uloto. Siyo kidonge. Wanaonitumia video zake ni haohao waliokosa kliniki miezi mitatu.

Nikifika hospitali nakuta foleni ndefu. Nifanyeje?

Usikae kwenye benchi. Nenda dirishani na kadi ya kliniki mkononi, useme hivi: "Mtoto ana selimundu na ana homa." Wakikwambia subiri zamu yako, rudia, kwa sauti wasikie na walio nyuma. Mueleze muuguzi homa ilianza saa ngapi na umempa dawa gani, pamoja na ile ya mizizi, hatutakugombeza. Ukimbeba, pitisha vidole chini ya mbavu za kushoto: ukigusa kitu kigumu ambacho jana hakikuwepo, huenda ni bandama imevimba, na amepauka ghafla, litaje hilo kabla hata ya jina lake.