Mbona logi ya seva hubaki nyuma kwa saa tatu?

Keshia wa sacco moja mjini Kisumu anapiga simu: mfumo umekataa malipo saa nane na dakika ishirini mchana. Fundi anafungua faili la logi, ambamo programu huandika yenyewe kila inachofanya, anatafuta 14:20. Hakuna kosa. Kosa liko 11:20. Je, logi imedanganya?

La. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, na seva nyingi huandika kwa UTC. Ndani kabisa, kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, saa sita usiku kwa UTC. Kisumu ilikuwa saa tisa usiku.

Kwa nini zisitumie saa yetu? Kwa seva moja iliyoko palepale ofisini hakuna ubaya, maana saa ya Kenya haibadiliki mwaka mzima. Lakini ombi la keshia huweza kupitia seva kadhaa, moja Nairobi, nyingine Frankfurt. Ujerumani hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba: ikifika 03:00 inakuwa 02:00 tena. Usiku huo 02:30 hutokea mara mbili. Ukikuta makosa mawili ya 02:30, lipi lilitangulia? Na katika kusaka chanzo, hilo ndilo swali lenyewe. Diski hujaa, hifadhidata ikashindwa kuandika, programu ikangoja jibu lisilokuja, mwishowe keshia akaona malipo yamekataliwa. Anayeanzia kosa la mwisho hutibu dalili, na kesho simu inalia tena. UTC haina msimu, kwa hiyo mistari ya seva zote hupangika kwa mfuatano wake.

Sisi tunaotaja saa kwa Kiswahili tuna hesabu nyepesi, na ingefaa kila dawati la msaada liijue. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 3: saa nane mchana ni 11:00. Usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ongeza 15: saa mbili usiku ni 17:00. Jumla ikizidi 23, toa 24.

Tarehe ndiyo huwapoteza wengi. Saa nane usiku wa kuamkia Jumatano ni 23:00 ya Jumanne, na kwa kuwa logi nyingi hufunguliwa faili jipya kila siku, kosa utalikuta kwenye faili la jana.

Kabla ya kuhesabu, tazama mwisho wa saa iliyoandikwa. Herufi Z ni UTC; +03:00 ni saa yetu tayari. Pakiwa patupu, fanya muamala mdogo wa majaribio uone umeandikwa saa ngapi. Tofauti ikiwa saa tatu na dakika nne, badala ya tatu kamili, basi saa ya seva yenyewe imeteleza: hakikisha inajirekebisha kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa iliyobuniwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985.