Mapokeo ya chakula: maana yake kwa anayeishi na kisukari

Ukitaja vyakula vya asili, wengi huona sahani: kilichomo, rangi yake, pengine na kiasi cha kula. Mapokeo ya chakula ni jambo pana kuliko sahani. Ni yote yanayoitangulia na yote yanayoifuata: mbegu ilitoka kwa nani, hupandwa lini, maji yanatoka wapi, nani huvuna na huacha kiasi gani kwa ajili ya ndege na mwakani, chungu huinjikwa saa ngapi, nani hula na nani, na kipi hakiguswi mpaka msimu wake ufike. Neno lenyewe limeshabeba maana hiyo. Kitu hakiitwi mapokeo bila kuwapo aliyekitoa na aliyekipokea.

Ndani ya mapokeo hayo ndimo yalimo maarifa asilia, yaani ujuzi ambao watu wa mahali fulani wameujenga kwa kuishi na ardhi ile ile vizazi kwa vizazi. Mwingi wake haumo vitabuni. Umo kwa bibi anayelitikisa ganda karibu na sikio na kujua, kwa mlio wa mbegu tu, kama limeiva au lirudi juani.

Katika habari za kisukari, dhana hii hutajwa sana pamoja na watu wa O'odham wa kusini mwa Arizona, Marekani, na sioni njia nzuri zaidi ya kuieleza kuliko kupitia kwao. Wako Akimel O'odham, watu wa mto, ambao vitabu vya tiba huwaita Pima. Wako pia Tohono O'odham, watu wa jangwa. Mto wenyewe ni Gila. Watu wa mto walichimba mifereji, wakalima mahindi, maboga, maharage na baadaye ngano, hata wakawalisha wasafiri waliokuwa wakipita kwenda California kutafuta dhahabu. Ndugu zao wa jangwani walisubiri mvua za Julai, wakapanda pale mikondo ya maji ya mvua inapomwagikia tambarare.

Zao lao kubwa lilikuwa harage dogo liitwalo tepari. Ni dogo kuliko harage la kawaida, bapa kidogo, jeupe au la kahawia. Likipata mvua kubwa chache tu linazaa. Ukilinywesha kupita kiasi linakupa majani tele na maganda haba. Kulipika kunataka subira: unachambua vijiwe, unaloweka usiku kucha, kisha unaliacha kwenye moto mdogo kwa saa kadhaa, ukiongeza maji kila yanapopungua. Pamoja nalo kulikuwa na maganda ya meskiti, mti wa ukoo mmoja na ule ambao Kenya unaitwa mathenge, yaliyotwangwa kuwa unga mtamu. Kulikuwa na machipukizi ya maua ya mpungate yanayochumwa kabla hayajafunguka, yakapanguswa miiba na kuokwa shimoni.

Na kulikuwa na sagwaro, mpungate mrefu kama nguzo ambao matunda yake huiva Juni, wakati joto la jangwani linapita nyuzi 40. Familia hutoka alfajiri na kiopoo kirefu kilichounganishwa kutoka mbavu za sagwaro aliyekufa, yaani mti unaangua matunda ya mwenzake. Nyama nyekundu ya tunda hukombwa, na ganda tupu huachwa chini likiwa limefunguka kuelekea juu, kuiomba mvua. Sharubati inayopikwa kutokana nalo ni sukari, hilo lisifichwe. Lakini ni sukari ya wiki chache kwa mwaka, na unaipata baada ya kutembea jangwani asubuhi nzima. Hapo ndipo utofauti wa mapokeo na orodha ya vyakula unapoonekana: orodha ingeandika “tunda tamu, epuka,” na isijue kwamba msimu ulikuwa umeshaweka kipimo chake.

Kuanzia miaka ya 1860 na 1870 walowezi waliokaa upande wa juu wa mto walianza kuyachepusha maji. Kabla ya karne ile kuisha, Gila ulikuwa umekauka mbele ya mashamba ya watu wa mto, na kipindi hicho hukumbukwa kama miaka ya njaa. Bwawa la Coolidge lilizinduliwa mwaka 1930 kwa ahadi ya kuyarudisha maji. Hayakurudi kama yalivyoahidiwa. Badala ya mavuno ukaja mgao wa serikali: unga mweupe wa ngano, mafuta ya nguruwe, sukari. Mwaka 1965 watafiti wa afya wa serikali ya Marekani walipoanza kuwachunguza Pima, walikuta kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kisichokuwa kimeandikwa popote duniani. Karibu nusu ya wenye umri wa miaka 35 na zaidi walikuwa nacho.

Lawama ikaelekezwa kwenye damu. Mwanajenetiki James Neel alikuwa ametoa mwaka 1962 wazo la jeni zinazoweka akiba: kwamba baadhi ya watu wamerithi mwili unaohifadhi mafuta kwa ajili ya njaa, na shibe ya kisasa inauponza. Wazo hilo lilishika, pengine kwa sababu halimdai mtu yeyote maji. Lakini Pima wengine wanaishi Maycoba, milimani Sonora, upande wa Meksiko, wakilima kwa mikono na kula maharage, mahindi na viazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 6.9 ya Pima wa Meksiko na asilimia 38 ya Pima wa Arizona. Urithi una sehemu yake, hakuna anayekataa. Ila watu ni wa ukoo mmoja. Kilichotofautiana ni kazi na chungu.

Sasa, harage linafanya nini mwilini? Wanga wake umefungwa ndani ya kuta za seli ambazo hata moto hauzivunji zote. Nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka huvimba tumboni zikawa kama ute mzito, na vimeng'enya, yaani vichocheo vya mwili vinavyovunja chakula, hupata taabu kuupenya. Sukari inaingia kwenye damu kwa kudondoka, tone baada ya tone. Ute wa majani ya mpungate na nyuzinyuzi za mbegu za meskiti hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Unga mweupe umeshavuliwa pumba na kiini, umesagwa ukawa vumbi, vimeng'enya havikuachiwa la kufanya. Sukari humiminika, na mwili usioisikia tena vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haumudu. Wazee wa O'odham hawakuwa na neno vimeng'enya. Walikuwa na chakula kilichokaa tumboni mpaka jioni, na hilo walilijua.

Hata hivyo kosa kubwa ni kuishia kwenye harage. Mwaka 1982 mtafiti Kerin O'Dea aliongozana na watu 10 wenye kisukari, wenyeji wa asili wa jamii ya Mowanjum karibu na Derby, Australia Magharibi, wakarudi kuishi kwenye nchi ya wazee wao kwa wiki 7. Walikula walichowinda na kuchimba: kangaruu, samaki, viazi vya porini, asali. Uzito wao ulishuka kwa wastani wa kilo 8. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilitoka wastani wa 11.6 ikafika 6.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na mpaka wa kuhesabiwa mgonjwa kwa kipimo hicho ni 7.0. Watu 10 ni wachache na wiki 7 ni fupi, na waliporudi mjini maisha yalikuwa yale yale yakiwasubiri. Tena huwezi kusema ni nyama, au kutembea, au kula kidogo, au kuwa nyumbani. Vyote vilikuja kwa pamoja. Ndiyo maana ya mapokeo: ukiyachambua ili umpate shujaa mmoja, yanakutoka mkononi.

Kwa hiyo mtu akinunua pakiti ya tepari dukani, akaila peke yake mbele ya televisheni, amekula chakula kizuri na nampongeza. Mapokeo ya chakula hajayagusa bado. Anayeishi na kisukari hana shida ya kuambiwa “usile”; ameambiwa tangu siku ya kwanza, kwa karatasi yenye picha za vyakula ambavyo kwao havipatikani. Mapokeo humpa jambo la kufanya badala ya la kuacha: kwenda shambani, kuuliza, kupika na mjukuu, kula alichokula babu yake bila kuonekana mgonjwa mezani. Ugonjwa huu ni wa kila siku mpaka mwisho wa maisha, na mtu hawezi kuubeba kwa marufuku matupu.

Kuna mkia wa mjadala hapa. Mkate wa kukaanga, ndugu wa andazi, leo hupikwa kwenye sherehe nyingi za wenyeji wa asili wa Marekani, na jimbo la South Dakota liliufanya mkate wake rasmi mwaka 2005. Simulizi yake huanzia kwa Wanavajo, waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1864 na kupewa unga na mafuta ili wasife. Je, si mapokeo? Umepokewa, tena kwa machozi. Wapo wanaoutetea kama alama ya kunusurika na wapo wanaouita mkate wa mgao. Mimi naona wote wana haki, na kwamba asili si muhuri wa afya. Kitu kinaweza kuwa chenu kweli na bado kikawa cha siku ya sherehe tu.

Wala mapokeo ya chakula si dawa ya kienyeji ya kuponya kisukari. Wauza chupa wanapenda kuyachanganya haya mawili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, ale alacho. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi akibadili chakula ghafla kwa kiwango kile kile cha dawa, sukari yaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Amwambie anayemtibu kabla ya kubadili, dawa ipimwe upya. Mwenye figo dhaifu naye aulize kuhusu maharage, maana yana potasiamu nyingi.

Mzee Albert Marshall wa Wami'kmaq, wenyeji wa asili huko Kanada, ana neno la namna ya kuyaweka haya pamoja: etuaptmumk, kuona kwa macho mawili. Jicho moja lishike nguvu ya maarifa ya wenyeji, la pili lishike nguvu ya sayansi ya kimagharibi, na yote yatazame kwa manufaa ya wote. Hilo la pili lisidharauliwe. Mwaka 1997 Marekani ilianzisha mpango maalumu wa kisukari kwa wenyeji wa asili, wenye vipimo vya figo, dawa za shinikizo la damu na timu za kuwafuatilia wagonjwa. Kati ya 1996 na 2013 kufeli kwa figo kutokana na kisukari miongoni mwao kulipungua kwa asilimia 54. Harage peke yake lisingefanya hivyo. Kwa jicho la kwanza, kati ya 2008 na 2014 jamii 17 zilipata fedha za serikali kwa ajili ya bustani, uvuvi, uvunaji wa porini na wazee kuwafundisha vijana.

Kwa watu wa mto, lakini, swali lilibaki kuwa la maji. Mwaka 2004 sheria ya Marekani ilimaliza kesi yao ya miaka mingi na kuipa jamii ya Gila River haki ya kiasi kikubwa cha maji kila mwaka. Karibu nusu yake yanatoka mto Colorado, yakivutwa kwa mfereji kukatiza jangwa. Tepari inapandwa tena huko, katika mashamba ya familia zilizokuwa zimebakiza mbegu.