Je, wajua mjusi kafiri hutembeaje darini bila gundi?

Mguse mjusi kafiri chini ya nyayo, utakuta ni kavu kabisa. Hana utomvu, hafyonzi hewa, na kucha zake hazina pa kukwama kwenye kioo. Zamani wengine walidhani ni umeme tuli. Mwaka 1934 mtafiti Wolf-Dietrich Dellit alipitisha eksirei hewani ili chaji zote zipotee, lakini mjusi akabaki ameng'ang'ania palepale.

Siri iko kwenye vidole. Kwa macho tu utaona mistari iliyokatiza upana wa kila kidole. Chini ya darubini, kila mstari ni msitu wa vinywele vya keratini, jamii ya protini inayounda hata kucha zetu. Kinywele kimoja kina urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Nchani kimechanuka matawi kwa mamia, na kila tawi linaishia kwenye ncha bapa yenye upana wa nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Udogo huo ndio wenye kazi. Molekuli za vitu vyote huvutana kwa nguvu dhaifu ziitwazo nguvu za van der Waals, ila sharti zikaribiane mno. Ukiuweka mkono wako ukutani, sehemu inayogusana kweli na ukuta ni chache sana, kwa sababu pande zote mbili zina mabonde na vilima visivyoonekana. Zile ncha bapa hufika hadi mabondeni. Mwaka 2000, wanabiolojia Kellar Autumn, Robert Full na wenzao walipima kinywele kimoja cha mjusi aina ya tokay, wakapata nguvu ya mikronewton 200 hivi, sawa na uzito wa miligramu 20. Tokay ana vinywele takriban milioni 6.5. Vingeshika vyote kwa pamoja, vingebeba zaidi ya kilo 100!

Kwangu mimi, ajabu kubwa zaidi ni namna anavyojibandua. Mwenye mshiko wa namna hiyo angepaswa kugandia darini asibanduke, lakini yeye hukimbia. Vinywele vyake vimelala upande mmoja. Akikanyaga na kuvuta mguu kidogo, vinashika. Pembe kati ya kinywele na ukuta ikizidi nyuzi 30 hivi, vinaachia vyenyewe. Ndiyo maana hukunja vidole kuelekea juu akianzia nchani, safu moja baada ya nyingine, bila kutumia nguvu nyingi. Kunata kwake hakutokani na kemikali maalumu, bali umbo na mwelekeo wa vinywele.

Hapo wahandisi wakapata pa kuanzia. Mwaka 2006 maabara ya Mark Cutkosky katika Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha Stickybot, roboti iliyopanda kioo kwa nyayo zenye vijimeno laini vilivyoinamia upande mmoja. Kuibebesha teknolojia hiyo uzito wa mtu kulikuwa kugumu zaidi: kipande cha kunatia kikiwa kikubwa, uzito hulemea sehemu moja, hiyo ikibanduka na nyingine zinafuata. Mwaka 2014 Elliot Hawkes na wenzake hapo Stanford waligawa kila kishikio cha mkono katika vigae 24, kila kimoja kikibeba sehemu yake sawa ya mzigo. Mtu wa kilo 70 akapanda ukuta wa kioo.

Maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, nayo imetengeneza vishikio vya aina hii kwa ajili ya angani. Kule hakuna hewa, kwa hiyo vifaa vya kufyonza havifai, na gundi ya kawaida huharibika kwa baridi na joto kali. Kishikio kinachonata kinapovutwa na kuachia kinapolegezwa kinaweza kukamata setilaiti iliyokufa bila kuisukuma mbali. Vumbi bado ni tatizo kwa vishikio vingi vya kutengenezwa. Mjusi mwenyewe halimsumbui sana: nyayo zake zikichafuka, hatua chache tu kwenye ukuta safi hupunguza uchafu na kurudisha mshiko.